Maumivu ya Kiuno: Ni Lini Unahitaji Kupigwa Picha?

Mama uliye jikoni, mama uliye sokoni na redio yako ndogo kando ya nyanya na vitunguu, na wewe unayemtunza mgonjwa nyumbani, nawasalimu nyote. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo nimewaletea mada inayogusa karibu kila nyumba: maumivu ya kiuno, yaani mgongo sehemu ya chini. Tutajibu swali moja ambalo akina mama huniuliza mara kwa mara tunapokutana kliniki: "Sista, mgongo unaniuma hivi, mbona sijapigwa picha?"

Swali hili ni zuri, wala si la kuchekwa. Mtu akiumwa na mgongo mpaka hawezi kuinama kuwasha jiko, huona kwamba bila picha hajatibiwa. Wengine huuza mbuzi, wengine hukopa kwenye chama, ili wapate pesa za picha ambayo haitawasaidia. Wakati huo huo, kuna wengine wanaohitaji picha haraka sana, lakini wako nyumbani wanakandwa kwa maji moto na kupakwa mafuta. Siku zinapita, wiki zinapita, mpaka miguu inakataa kutembea. Kwa hivyo kuna makosa mawili. La kwanza ni kukimbilia picha isiyohitajika. La pili ni kuchelewa kupata picha inayohitajika. Hilo la pili laweza kumfanya mtu apooze.

Basi, jambo kuu ninalotaka ulishike leo ni hili: ukali wa maumivu siyo unaoamua kama unahitaji picha. Kinachoamua ni dalili zinazoandamana na maumivu hayo.

Chukua mfano wa akina mama wawili. Wa kwanza aliinua mtungi wa maji wa lita 20 asubuhi, mgongo ukakatika ghafla. Analia kwa maumivu. Hawezi kusimama wima, hata kugeuka kitandani ni shida. Lakini hana homa, miguu ina nguvu, anakojoa vizuri, na hajawahi kuugua ugonjwa mwingine mkubwa. Wa pili anaumwa kidogo tu. Anakwenda shambani, anapika, anafua. Lakini maumivu yake yana miezi miwili, usiku analoa jasho, na nguo zake zimeanza kumpwaya. Ni nani kati yao anayehitaji kuchunguzwa haraka na kupigwa picha? Ni huyu wa pili, mama anayeumwa kidogo. Yule wa kwanza, ijapokuwa analia, kuna uwezekano mkubwa atapata nafuu bila picha yoyote. Kwa nini iwe hivyo? Tuelezane.

Mgongo umejengwa kwa mifupa midogo iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, kama vikombe vilivyopangwa kabatini. Mifupa hii huitwa pingili. Kiunoni kuna pingili 5. Kati ya pingili moja na nyingine kuna diski, ambayo ni kama mto mdogo unaozuia mifupa isisagane. Ndani ya mifupa hiyo mna njia inayopitisha neva zinazokwenda miguuni, kwenye kibofu na sehemu za siri. Na kuzunguka hayo yote kuna misuli na kano zinazoushikilia mgongo usimame.

Mara nyingi kinachouma ni misuli, kano na viungo vidogo vya mgongo vilivyovutwa au kuchoshwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba takriban watu 9 katika kila 10 wenye maumivu ya kiuno hawana ugonjwa maalum wala mfupa ulioharibika unaoweza kutajwa kuwa ndio chanzo. Maumivu ni ya kweli kabisa. Hakuna anayesema mama anajifanya. Lakini msuli uliovutwa hauonekani kwenye eksirei. Ukipigwa picha siku hiyo, yaelekea hutaambiwa chochote cha kukusaidia.

Tena si wewe peke yako. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na wanawake wanaoumwa ni wengi kuliko wanaume. Habari njema ni kwamba maumivu yaliyoanza karibuni, yasiyo na dalili za hatari, kwa watu wengi hupungua sana katika wiki 6 za mwanzo. Ndiyo maana mhudumu wa afya, akishakupima na kuona hakuna dalili ya hatari, anaweza kukuambia tusubiri wiki chache. Hajakupuuza. Anaupa mwili wako nafasi ya kujitibu huku akiangalia mambo yanavyokwenda.

(Muziki mfupi)

Sasa tuzungumze kuhusu picha zenyewe, maana tunasema "picha" kana kwamba ni moja tu.

Ya kwanza ni eksirei. Hii inaonyesha mifupa. Inaweza kuonyesha mfupa uliovunjika au uliobonyea. Lakini haionyeshi neva, na diski yenyewe haionekani vizuri.

Ya pili ni skani ya CT. Hii nayo hutumia mionzi kama eksirei, lakini mashine inazunguka mwili na kuonyesha mifupa kwa undani zaidi. Husaidia sana mtu akipata ajali.

Ya tatu ni MRI. Hii haitumii mionzi, inatumia sumaku yenye nguvu nyingi. Inaonyesha neva, diski, usaha na uvimbe. Ndiyo picha bora tunapotafuta ugonjwa wa hatari ndani ya mgongo. Lakini gharama yake ni maelfu mengi ya shilingi, na mashine hizo hazipatikani katika zahanati wala vituo vya afya. Ukiandikiwa MRI, mwambie mhudumu ikiwa una chuma chochote mwilini, au kifaa cha kusaidia moyo.

Kuna tena ultrasaundi, ile wanayopigwa wajawazito. Hiyo si ya kuangalia mifupa ya mgongo. Lakini inaweza kutumika ikiwa maumivu ya kiuno yanatoka kwenye figo au mji wa uzazi.

Utauliza, "Kwani kuna ubaya gani kupiga picha ili tuwe na hakika?" Kuna sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba picha inaweza kukuonyesha jambo lisilo na maana likakutia hofu bure. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliokusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Nasisitiza, hawakuwa na maumivu yoyote. Miongoni mwa watu wa miaka 20, watu 37 katika kila 100 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 50, ilikuwa watu 80 katika kila 100. Kwa wenye miaka 80, ilikuwa 96. Kumbe diski kuchakaa ni kama kuota mvi. Umri ukienda, huja zenyewe. Mama wa miaka 45 akiambiwa "diski zako zimechakaa", hurudi nyumbani akiamini mgongo wake umekwisha. Anaacha kulima, anaacha kutembea, analala. Misuli inalegea na maumivu yanazidi. Picha iliyokusudiwa kumsaidia imemfunga.

Sababu ya pili ni mionzi. Eksirei moja ya kiuno ina mionzi inayolingana na ile ambayo mtu hupata kwa njia ya kawaida, kutoka ardhini na angani, kwa karibu miezi 6. Skani ya CT ina mionzi mingi zaidi ya hapo. Kiasi hiki hakiwezi kukuunguza, na ukiwa na sababu ya kupigwa picha, usiogope. Lakini kiuno kiko karibu na mji wa uzazi na mayai ya uzazi, kwa hivyo hatutumii mionzi bila sababu.

Sababu ya tatu ni kwamba picha si dawa. Wako wanaoamini kwamba ile mashine ikikupiga, maumivu hutoka. Sivyo. Tafiti zilizolinganisha watu waliopigwa picha mapema na wale ambao hawakupigwa, wote wakiwa hawana dalili za hatari, ziligundua kwamba waliopigwa hawakupona vizuri zaidi. Na zile pesa zilizotumika zingenunua chakula, au zingekuwa akiba ya siku ambayo picha itahitajika kweli.

(Muziki mfupi)

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Chukua kalamu na karatasi kama unayo. Kama huna, mwite kijana aliye karibu akuandikie. Nitataja dalili za hatari, nikizigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza: nenda hospitali leo hii, hata kama ni usiku.

Moja, ukihisi ganzi katikati ya miguu, kwenye makalio na sehemu za siri, yaani pale panapogusa kiti unapokalia pikipiki. Ukijipangusa baada ya haja huhisi kitu.

Mbili, ukishindwa kukojoa ingawa kibofu kimejaa, au mkojo au haja kubwa ikitoka bila wewe kujua. Najua akina mama wengi waliojifungua huvuja mkojo kidogo wakicheka au kukohoa. Hiyo ni shida nyingine, nayo ina matibabu. Hapa nazungumzia jambo jipya, lililoanza pamoja na maumivu ya mgongo.

Tatu, miguu ikipoteza nguvu, hasa yote miwili, au unyayo ukianza kuburuta na hali inazidi.

Dalili hizi zinaonyesha kwamba neva za chini ya mgongo zinabanwa. Neva hizo zimekaa pamoja kama mkia wa farasi, na zikibanwa kwa muda zinaweza kufa. Mgonjwa huyu anahitaji MRI kwa dharura, na mara nyingi upasuaji. Hili ni jambo la kuhesabu saa, si la kuhesabu wiki. Usimpeleke kukandwa. Usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke hospitali kubwa yenye daktari, na ukifika mlangoni sema wazi: "Hawezi kukojoa, na ana ganzi sehemu za siri." Usione haya. Aibu ya dakika moja ni afadhali kuliko kiti cha magurudumu maisha yote.

Nne, mtu akipata maumivu ya mgongo baada ya ajali kubwa, kama vile kuanguka kutoka mtini au kugongwa na boda boda. Huyu anahitaji picha. Na tafadhali, msimwinue kwa kumshika mikono na miguu. Msimketishe. Mlazeni sawasawa juu ya ubao au mlango, kichwa kisitikisike, watu kadhaa wabebe kwa pamoja.

Tano, ikiwa umekosa hedhi, una maumivu makali ya tumbo na kiuno, unatokwa na damu au unahisi kuzimia. Hii yaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi. Huu si ugonjwa wa mgongo. Ni dharura ya uzazi.

Fungu la pili: nenda ukachunguzwe siku hizi hizi, usingoje wiki 6.

Kwanza, ukiwa na maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku, kukonda au kukosa hamu ya kula. Hapa kwetu ni lazima tufikirie kifua kikuu, yaani TB. Watu wengi hudhani TB ni ya mapafu tu. TB huingia kwenye mifupa pia, na mgongo ni mahali inapopenda kukaa. Huanza polepole. Inakula pingili kidogo kidogo, na mwishowe mgongo unaweza kupinda na kutokeza nundu, na miguu ikapooza. Uwe macho zaidi ikiwa mgonjwa anaishi na virusi vya UKIMWI, au ameishi nyumba moja na mtu aliyekuwa na TB. Ikigunduliwa mapema, inatibika kwa dawa, na dawa hizo hutolewa bure katika vituo vya serikali. Matibabu ya TB ya mgongo huchukua karibu mwaka mzima, tofauti na ile ya kawaida ya mapafu ambayo huchukua miezi 6.

Jambo moja la kuangalia hapo: TB ya mgongo ikiwa changa, eksirei inaweza kuonekana safi kabisa. Kwa hivyo ukiwa na dalili hizi, ukaambiwa picha ni safi, lakini homa na kukonda vinaendelea, usikae nyumbani ukajifariji. Rudi. Sema, "Nilipigwa picha, lakini bado nakonda."

Pia kama kwenu mnakunywa maziwa yasiyochemshwa, ya ng'ombe, mbuzi au ngamia, mwambie mhudumu. Kuna ugonjwa uitwao bruselosi unaoletwa na maziwa hayo, nao huleta homa na maumivu ya mgongo. Huo hupimwa kwa damu.

Pili, mtu yeyote aliyewahi kuugua saratani, hasa ya matiti au ya tezi dume, akianza kuumwa na mgongo. Saratani hizi hupenda kusambaa hadi mifupani. Hata kama alitibiwa miaka mingi iliyopita akapona, asikae kimya. Wewe unayemtunza mzee wa kiume anayepata shida ya kukojoa, halafu ameanza kulalamika mgongo na anakonda, mpeleke.

Tatu, mama mzee aliyekoma hedhi zamani, au mtu aliyetumia dawa za aina ya prednisoloni kwa miezi mingi, pengine kwa ajili ya pumu au baridi yabisi. Mifupa yao huwa myepesi. Nyanya anaweza kuteleza kidogo tu bafuni, au hata kukohoa kwa nguvu, na pingili ikabonyea. Kwake yeye, eksirei ina maana hata kama hakuanguka kwa kishindo.

Nne, maumivu yasiyopungua hata ukilala, yanayokuamsha usiku na kuongezeka kila wiki.

Tano, mtoto. Mtoto mdogo hana sababu ya kuumwa na mgongo kila siku. Akikataa kuinama kuokota kitu, akichechemea, akilia usiku, akipata homa, au ukiona mgongo wake umeanza kutokeza, usiseme ni uzito wa mkoba wa shule. Mlete achunguzwe.

Fungu la tatu: maumivu yanayoshuka mguuni. Haya huanzia kiunoni, yakapita kwenye makalio, yakateremka nyuma ya paja mpaka chini ya goti, kama moto au kama umeme. Mara nyingi ni diski iliyotokeza na kugusa neva. Yanatisha, lakini kwa watu wengi hupungua katika wiki au miezi michache, na diski nyingi zilizotokeza hunywea zenyewe. Hapa picha, hasa MRI, inafaa ikiwa zimepita wiki 6 au zaidi huna nafuu, na daktari anafikiria upasuaji au sindano maalum. Lakini mguu ukipoteza nguvu na hali inazidi, toka fungu hili, rudi kwenye fungu la kwanza.

(Muziki mfupi)

Sasa, ukifika kituoni, ujue kwamba uchunguzi mzuri huanza kwa mazungumzo. Eleza maumivu yalianza lini na vipi. Taja magonjwa uliyowahi kuugua na dawa unazotumia. Mhudumu anaweza kukuinua mguu ukiwa umelala, kugonga goti kwa nyundo ndogo, kukuambia utembee kwa vidole kisha kwa visigino, na kukubonyeza mgongo. Anaweza kupima mkojo, maana maumivu ya kiuno pamoja na homa na mkojo unaochoma huenda yakawa ya figo. Vipimo hivyo si vya kupoteza wakati. Ndivyo vinavyomwonyesha kama picha inahitajika, na ni picha gani.

Na ukiandikiwa picha, una haki ya kuuliza kwa heshima maswali matatu. La kwanza: "Daktari, tunatafuta nini katika picha hii?" La pili: "Matokeo yake yatabadilisha matibabu yangu?" La tatu: "Nikisubiri wiki chache, kuna hatari gani?" Mhudumu mwema hatakasirika. Uliza pia kama SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, italipia picha hiyo, na kama kuna kibali kinachohitajika kwanza. Na kama una mimba, au hedhi imechelewa hata kwa siku chache, sema kabla ya kuingia chumba cha eksirei.

Je, ukiwa huna dalili yoyote ya hatari, ufanye nini? Usilale kitandani siku nyingi. Siku moja ya kupumzika inatosha, au mbili ukizidiwa. Baada ya hapo tembea kidogo kidogo, fanya kazi nyepesi, ongeza taratibu. Kitambaa chenye joto kinaweza kukutuliza. Lala ubavu ukiweka mto katikati ya magoti. Beba mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, badala ya mmoja wa lita 20. Fua ukiwa umeweka beseni juu ya meza au jiwe refu. Tafuta ufagio wenye mpini mrefu. Mtoto aliyekwisha kujua kutembea, mwache atembee badala ya kumbeba mgongoni kutwa nzima. Na wewe unayemgeuza mgonjwa kitandani, sogea karibu naye, kunja magoti, na umwite mtu wa pili akusaidie.

Kuhusu dawa, ibuprofeni kwa siku chache, baada ya kula, inaweza kupunguza maumivu. Lakini haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mama mjamzito, kwa hivyo uliza kwanza. Na tafadhali, uache mazoea ya kwenda duka la dawa kila wiki kudungwa sindano ya maumivu. Hizo zikizidi huumiza tumbo na figo, na zinaweza kuficha ugonjwa unaoendelea ndani.

Kabla hatujaagana, nijibu maswali mawili yanayorudi kila mara.

Swali la kwanza: "Nilipojifungua kwa upasuaji nilidungwa sindano ya mgongo. Tangu hapo naumwa. Si nipigwe picha waone sindano iliharibu nini?" Mama, ile sindano inaweza kukuachia uchungu pale ilipoingia kwa siku chache. Lakini akina mama waliodungwa na ambao hawakudungwa wamelinganishwa, na haikuonekana kwamba sindano ndiyo inayoleta maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Mimba yenyewe imelegeza kano zako, misuli ya tumbo imenyooka, na sasa unainama kutwa nzima kunyonyesha, kuogesha na kubeba. Mgongo umechoka. Kaa ukiegemea unaponyonyesha, uinue mtoto kwa mto aje kwenye titi badala ya wewe kumwinamia. Lakini ukipata homa, ganzi au udhaifu wa miguu baada ya sindano hiyo, rudi hospitali mara moja.

Swali la pili: "Nimeumwa miaka mitatu, kwa nini nisipigwe picha?" Urefu wa muda peke yake haumaanishi una ugonjwa mbaya. Nenda ukapimwe upya, uulizwe kuhusu dalili tulizotaja. Kama hazipo, mazoezi ya mgongo na kupunguza mizigo yatakufaa kuliko picha. Omba kuelekezwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wako katika hospitali nyingi za kaunti. Lakini maumivu yako ya zamani yakibadilika, yakaja na kitu kipya, hapo usiseme, "Ni mgongo wangu ule ule." Nenda uangaliwe.

Basi, wasikilizaji wapenzi, tukumbushane. Ganzi sehemu za siri, kushindwa kukojoa, miguu kukosa nguvu, au ajali kubwa: hospitali leo hii. Homa, kukonda, jasho la usiku, saratani ya zamani, mifupa dhaifu ya uzee, maumivu yanayozidi usiku, au mtoto anayeumwa mgongo: uchunguzi siku hizi hizi. Maumivu ya mguu yasiyopungua baada ya wiki 6: rudi kwa daktari mzungumze kuhusu picha. Hakuna lolote kati ya hayo? Tembea, jitunze, upe mwili wako muda.

Mwambie jirani yako uliyosikia leo. Mwambie mama mkwe, mwambie na baba watoto, maana mara nyingi ndiye anayetafuta nauli. Na kama huna hakika dalili ulizo nazo ziko fungu gani, mwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, au fika katika zahanati iliyo karibu nawe.

Nawatakia afya njema nyote. Mpaka tutakapokutana tena wiki ijayo, kwaherini.